Kitufe cha Kushoto

4 Februari

Mjomba,

Najua barua huanza kwa salamu, na mwalimu wetu wa Kiswahili angenikata alama. Lakini nikianza na salamu nitajaza kurasa mbili za salamu halafu nitafunga bahasha bila kusema. Kwa hiyo nasema kwanza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kila siku asubuhi, kabla Msimamizi hajafika, nakunja kipande cha karatasi mara nne na kukipachika pembeni mwa kitufe cha kushoto cha mashine namba tatu, ili kitufe kibaki kimebonyea.

Sasa, shikamoo Mjomba. Sisi huku wazima. Mama bado yuko jikoni kule hospitali, na ile ngozi ya mkono iliyobabuka kwa mvuke wa sufuria imeanza kurudi rangi yake. Anasema ni jambo dogo, ila vyombo anavishika kwa mkono mmoja. Mdogo wangu ameota meno ya mbele na anang'ata kila mtu kuyajaribu.

Mimi nilianza kazi Desemba, wiki mbili baada ya mtihani wa mwisho, kwenye kiwanda cha maboksi. Nahesabu na kufunga. Mashine za kukatia zina bamba zito lenye visu chini yake, na vitufe viwili, kimoja kila upande, juu usawa wa kichwa. Bamba halishuki mpaka ubonyeze vyote viwili kwa pamoja. Ndivyo walivyopanga, mikono yote iwe juu visu vikishuka.

Mashine namba tatu inashikwa na Mzee Miwani. Yupo pale miaka ishirini na sita, na bega lake la kushoto limekwisha. Mkono haupandi kupita kifua. Amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu, na Msimamizi akijua atamtoa kabla haijatimia. Siku moja niliwahi kufika, nikamkuta anabonyeza kitufe cha kushoto kwa paji la uso, miwani imening'inia sikio moja. Hakuniomba chochote. Mimi ndiye niliyechana karatasi kwenye daftari langu la hesabu la shule.

Mjomba, wewe umefanya kazi za hatari tangu sijazaliwa. Nafanya vibaya? Kwenye simu siwezi kukuuliza, maana simu ni ya Mama, na Mama husikiliza hata akiwa amelala. Dereva wa lori la saruji amekubali kukuletea barua kila anapokuja kambini kwenu.

Mpwa wako.

16 Februari

Marahaba, Bi Kimya.

Nimeipata barua yako ikinuka saruji na jasho la Dereva. Nimefurahi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinisalimia ukiwa nyuma ya mlango, na leo umeniandikia kurasa tatu. Mwambie Mama yako nimepokea salamu zake, hata kama hakuzituma. Mkono wake aupake mafuta na aache kujifanya chuma. Huyo mwenye meno mapya mpe mfupa.

Mimi mzima. Ukuta wa bwawa tunalojenga unapanda polepole, na mpishi wa kambi anapika maharage kana kwamba ametukosea na anataka tukasirike zaidi. Kwa sasa nipo stoo, nagawa kofia na kamba. Wamenipumzisha kupanda majukwaa ya ujenzi kwa muda. Usimwambie Mama yako, ataanza maswali.

Kuhusu jambo lako, nijibu kwanza. Karatasi hiyo unaitoa saa ngapi? Na Mzee akitoka, mashine inashikwa na nani?

Huku kwetu nimeona watu wakiumia kwa kitu ambacho mwenzao alikijua na wao hawakukijua. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Mjomba wako.

1 Machi

Mjomba, shikamoo.

Tunaendelea vizuri. Mama amepaka mafuta, kisha akauliza nani aliyeniambia kuhusu mafuta.

Karatasi naitoa saa nane mchana, Mzee anapomaliza zamu. Napita na ufagio kuokota mabaki, naivuta, naiweka mfukoni. Sijasahau hata siku moja. Baada yake mashine hushikwa na yeyote anayepangwa. Nilijaribu kuacha. Jumatatu moja nilikiacha kitufe bila karatasi, na Mzee akatoa maboksi nusu ya kawaida, na Msimamizi akasimama nyuma yake na saa mkononi. Jumanne nikairudisha.

Kuna jipya. Msimamizi ameona mwandiko wangu kwenye lebo na amenihamishia ofisini nusu siku, ninakili daftari la ajali kwenye daftari jipya, maana mkaguzi wa usalama kazini anakuja Mei. Mjomba, sikujua kwamba watu wanaumia kiasi hicho. Msichana wa gundi ana miaka kumi na saba, wiki yake ya pili kazini, ameungua kiganja chote. Mama anayefunga mizigo ana hamsini na moja, uti wa mgongo umekaza akiwa ameinama na wakambeba hivyohivyo, ameinama. Mlinzi wa lango ana sitini na nne, aliteleza kwenye mafuta ambayo aliomba yafutwe tangu asubuhi. Kwenye safu ya sababu, wote wameandikiwa neno moja: uzembe.

Na nje ya ofisi kuna ubao umeandikwa SIKU 143 BILA AJALI. Nilijikaza nikamuuliza Msimamizi. Alicheka, akaniambia hayo ya daftarini ni matukio. Ajali, alisema, ni mpaka mtu asirudi.

Jumatatu anaanza Redio, yule rafiki yangu tuliyekaa dawati moja miaka minne. Unamkumbuka, ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba yangu hata nikitaka maji. Nimefurahi mno. Angalau kutakuwa na mtu wa kunisemea.

Mpwa wako.

9 Machi

Bi Kimya,

Hatujambo. Salamu zitatosha siku nyingine.

Kitoe kesho na usikirudishe. Mwambie Mzee wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Na huyo rafiki yako mwambie siku yake ya kwanza, kabla hajagusa mashine yoyote, kwamba vitufe vya hapo si vya kuamini.

Usiningoje nikueleze nimejuaje.

Mjomba wako.

31 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo. Mdogo wangu hajambo.

Barua yako ya tarehe tisa imefika jana. Dereva anasema daraja lilikatika kwa mvua, amelala kwenye lori siku kumi na mbili, na mengine yakamkalisha mjini. Umeandika "Kitoe kesho." Kesho hiyo ilikuwa tarehe kumi. Redio aliumia tarehe ishirini na sita.

Nitakuandikia ilivyokuwa, kwa sababu hakuna mahali pengine ilipoandikwa sawasawa.

Siku hiyo Mzee Miwani aliomba ruhusa saa nne aende zahanati, bega lilikuwa limemshinda. Mimi nilikuwa ofisini. Nilimwona dirishani akivuka uwanja ameukumbatia mkono wake. Nilisimama. Msimamizi akaniuliza naenda wapi, nikasema msalani, akasema nimalizie ukurasa kwanza. Mjomba, nilikaa. Ilibaki mistari sita. Redio angesema "siwezi kungoja" na kila mtu angecheka na yeye angekuwa ameshafika mlangoni. Mimi nilikaa nikaandika mistari sita kwa mwandiko mzuri.

Walimpanga yeye namba tatu. Alikuwa amefundishwa vizuri, na alikuwa akirudia mafunzo kama wimbo: mashine haishuki mpaka mikono yote miwili iwe juu. Boksi la kwanza lilikaa upande. Akainua mkono wa kulia tayari kwenye kitufe, na wa kushoto akauingiza kulinyoosha, maana alijua kwamba mkono mmoja ukiwa chini bamba haliwezi kushuka. Aliuegemeza tu ule wa kulia.

Amepoteza vidole vitatu na nusu ya kile cha nne. Nilipofika alikuwa amekaa sakafuni, ananiangalia, haongei. Redio, Mjomba, haongei.

Karatasi aliivuta Msimamizi mwenyewe mbele za watu. Alisema mmeona, wasichana wa siku hizi wanataka haraka, amekwamisha kitufe mwenyewe. Mzee Miwani alikuwa amerudi. Alisimama karibu na mimi hadi nikasikia pumzi yake, akaniambia chinichini, "Binti yangu, mimi sikuona kitu, na wewe hukuona kitu."

Mchana nikaitwa niandike. Jina, umri miaka kumi na tisa, siku ya kumi na nane kazini, sababu: uzembe wa mfanyakazi, alikwamisha kitufe. Kwa maneno hayo ameachishwa kazi, na kiwanda hakimtibu. Mama yake anamfunga kidonda kwa kitambaa cha shuka.

Nilipomaliza, Msimamizi alikunjua ile karatasi juu ya meza. Ni ukurasa wa hesabu zangu za kidato cha nne. Aliuweka kando ya daftari, akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akautia kwenye droo na kufunga kwa ufunguo. Hakukasirika. Aliniambia, "Una mwandiko mzuri sana. Mtu akiuona mara moja hausahau." Tangu siku hiyo ananipa kiti chenye mto.

Sijalala vizuri. Niambie nifanye nini.

Mpwa wako.

12 Aprili

Bi Kimya mpwa wangu,

Marahaba. Poleni wote, na umfikishie pole rafiki yako, ingawa najua huwezi kwenda kwao.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nakujibu kama mkubwa wako: nyamaza. Andika wanachotaka uandike. Ukisema, utafukuzwa wewe na utafukuzwa Mzee, na vidole havitaota. Mama yako ana mkono mmoja wa kufanyia kazi. Mimi siku hizi sitegemewi kama zamani, na usiniulize kwa nini. Nyumba imekaa juu yako.

Watu wengi wamenyamaza na wanaishi. Wanakula, wanacheka, wanagawa kofia na kamba. Inawezekana.

Mjomba wako.

27 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama anakusalimu, safari hii kweli. Amekuwekea sweta, Dereva anakuja nalo.

Nilipompa Dereva mzigo nilimwambia akupe mkononi, asiuache getini kwenu kama anavyoacha barua. Akauliza ni yupi kati ya mafundi. Nikamwambia yule wa majukwaa, mcheshi, sasa yupo stoo. Akasema, "Ah, yule wa magongo."

Nilidhani amekosea mtu. Akanieleza kwa huruma, akidhani tunajua. Kwamba ulianguka mwezi wa Desemba kutoka ngazi ya tatu ya jukwaa. Kwamba nyonga haikuunga vizuri. Kwamba kwenye karatasi za kambi imeandikwa ulikuwa umelewa, na kule watu wanakuita Chupa.

Mjomba, wewe hunywi. Hata kwenye harusi unashika glasi ya maji na kumtania kila anayekunywa.

Sijamwambia Mama. Nimekuandikia kukuuliza kitu kimoja tu, na ukinijibu kwa utani nitajua: ni nani aliyeandika hivyo, na wewe ulisema nini?

Mkaguzi anakuja tarehe kumi na tisa.

Mpwa wako.

10 Mei

Mpwa wangu,

Sweta limenitosha. Mshukuru Mama yako.

Ni kweli. Ilikuwa tarehe kumi na moja Desemba, saa tano asubuhi, jua zuri. Mtu alikuwa amefungua ubao mmoja wa jukwaa ili toroli lipite, na hakuurudisha, na aliyekuwa chini alijua. Mimi sikujua. Nilikanyaga hewa.

Aliyeandika kwamba nimelewa ni karani wa kambi, kijana wa makamo yako, mwandiko safi. Alikuja hospitali na fomu. Nadhani na yeye aliambiwa amalizie ukurasa. Na mimi, maana uliuliza nilisema nini, nilitia saini. Mkono wangu ulikuwa mzima na hakuna aliyenishika. Walisema nikisaini nitapewa stoo, nisiposaini nirudi nyumbani na magongo yangu. Niliona haya kurudi kwa dada yangu hivi. Ndiyo maana hata simu napiga nikiwa nimekaa, nisije nikasikika nikihema.

Miaka arobaini na sita, na jina langu Chupa. Yule aliyefungua ubao hunipitia kila asubuhi kuchukua kofia. Hunisalimia kwa heshima. Nami namwitikia.

Barua yangu iliyopita iliandikwa na mtu huyo anayeitikia. Sikuambii useme wala usiseme. Nimeona tu ujue ni nani aliyekushauri.

Mjomba wako.

Jumanne, 24 Mei

Mjomba, shikamoo.

Huku wote wazima. Mama amejua kuhusu magongo. Sikumwambia, alimsikia Dereva dukani akikutaja, yule wa magongo. Juzi alihamisha kitanda changu sebuleni na chumba changu akakifagia. Nafikiri anakungoja.

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Ni mwanamke mrefu, anabeba kalamu tatu. Msimamizi alimkaribisha ofisini na kuniambia nimfungulie daftari jipya. Nililifungua kwenye ukurasa wa Redio. Kule nilikuwa nimeshaandika, asubuhi hiyohiyo kabla hawajaingia, na nilikata neno uzembe kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake niliandika kwamba kitufe cha kushoto kilikwamishwa na mimi, karani, kwa karatasi ya daftari langu, tangu Januari, kwamba aliyeumia hakujua, na kwamba karatasi ipo kwenye droo ya pili, ufunguo upo mfuko wa shati la Msimamizi.

Mkaguzi alisoma taratibu. Akamwomba Msimamizi ufunguo.

Kisha akazunguka kiwandani peke yake. Mashine saba, na vitufe vinne vilikuwa vimekwama: kimoja kwa kitambaa, kimoja kwa ubani uliotafunwa, viwili kwa njiti za kiberiti. Mjomba, nilikuwa nadhani ni mimi tu.

Redio amepelekwa hospitali kubwa na kiwanda kimekubali kumtibu. Nilikwenda kwao. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniambia nisirudi tena. Alisema kwa sauti ya chini kama ya kwangu.

Mimi nimesimamishwa, na mkaguzi amesema suala langu halijaisha. Aliniuliza nilikwamisha kitufe kwa ajili ya nani. Nikamjibu hakuna aliyeniomba. Hilo ni kweli, kila neno. Akaandika, akasema ataniita tena wiki ijayo.

Sasa lililobaki. Jana nilikwenda kiwandani kuchukua koti langu. Mkaguzi aliamuru vitufe vyote visafishwe na vilisafishwa. Nikapita namba tatu. Kitufe cha kushoto kilikuwa kimebonyea. Njiti ya kiberiti, imekatwa fupi, imezamishwa ndani ambapo mtu wa kawaida haoni. Mzee Miwani alikuwa anafanya kazi kwa mkono mmoja kama kawaida, na saa nane mashine hiyo anapokea mama mmoja mpya, ametoka idara ya kufunga, ana wiki moja hapo.

Niliingiza ukucha nikaitoa mbele yake. Nikamwambia, "Babu, nenda mwenyewe kwa mkaguzi ukamweleze bega lako. Usipokwenda nitakwenda mimi." Sijawahi kumwambia mtu mzima maneno hayo.

Aliifuta miwani kwa ncha ya shati, kwa huo mkono mmoja, bila haraka. Akasema, "Nipe mpaka Ijumaa."

Nililitazama lile bega. Miaka ishirini na sita, na imebaki miezi saba. Nikasema sawa.

Nilipofika getini nikakumbuka kwamba njiti za kiberiti zipo arobaini kwenye boksi moja. Sikurudi.

Dereva anaondoka kesho. Utakaposoma hii, Ijumaa itakuwa imefika au imepita, na utakuwa umesikia au hujasikia. Kama hakwenda, Jumamosi asubuhi nitakuwa nimesimama mlangoni kwa mkaguzi, nakuapia. Lakini kati ya leo na hapo kuna zamu tatu za mchana, na yule mama hajui. Nimezihesabu mara nyingi, na kila nikizihesabu ni tatu.

Mjomba, Mama akikuuliza, mkaguzi akikuuliza, hata Redio siku moja akikuuliza, waambie yote mengine. Hili moja libaki kwako. Usimwambie mtu kwamba siku hizo nilimpa mimi.

Mpwa wako.